Nani Aliyeandika Saa: Historia ya Zamu Ndefu Kitui na Makueni

Mwaka 1898 reli iliyotoka Mombasa ilivuka Mto Tsavo ikaanza kupanda kwenda Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni. Wakamba waliijua nchi hiyo kabla ya wapima ardhi wa Kiingereza. Misafara yao ilishuka pwani na pembe za ndovu ikarudi na nguo, shanga na waya wa shaba, na mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, Kivoi, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Kazi ya msafara haikuwa nyepesi. Kiu iliua watu, na Kivoi mwenyewe aliuawa njiani karibu na Mto Tana mwaka 1851. Hata hivyo watu walisafiri na jamaa na majirani zao, wakapumzika pamoja. Nyumbani nako kazi kubwa za shamba zilifanywa kwa mwethya, leo kwa fulani, kesho kwa mwingine, mwenye shamba akilima bega kwa bega na waliokuja kumsaidia. Aliyepanga siku iwe ndefu kiasi gani alikuwa na jembe mkononi.

Reli ilikuja na mpangaji asiyeshika jembe. Wajenzi wake wengi walikuwa Wahindi walioletwa kwa mkataba, karibu 32,000 kwa jumla, na karibu 2,500 kati yao walifia huku. Pale Tsavo mhandisi J. H. Patterson aliona kwamba mwashi analipwa rupia 45 kwa mwezi na kibarua wa kawaida rupia 12, na kwamba wengi walikuwa wamejiandikisha kuwa waashi bila kuujua uashi. Akaondoa mshahara wa mwezi, akaweka malipo kwa kadiri ya kazi iliyoonekana. Waliohusika walikasirika hadi wakala njama ya kumuua. Desemba 1898, simba wawili wakiwa wanawamaliza kambini, mamia ya vibarua walijilaza juu ya reli wakasimamisha treni, wakapakia mizigo yao wakarudi pwani. Ujenzi ulilala wiki 3. Hadithi hiyo husimuliwa sana kama habari ya simba. Mimi naisoma kama habari ya mgomo: watu waliosaini kufanya kazi waliona wanadaiwa kitu kisichokuwa ndani ya mkataba, wakaweka vifaa chini.

Miaka hiyohiyo Ukambani ulikuwa unateketea kwa Ngomanisye, njaa kuu iliyomaliza watu na mifugo mwishoni mwa karne ya 19. Watu hawajainuka vizuri, ikaja kodi ya nyumba mwaka 1901, kisha kodi ya kichwa mwaka 1910. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwa mwenye shamba, kwa serikali au kwa reli. Mwaka 1906 ikatungwa Sheria ya Mabwana na Watumishi, iliyomfanya mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya muda wake kuwa mhalifu wa kufikishwa mbele ya hakimu na kufungwa. Madai kati ya mwajiri na mwajiriwa, ambayo kwingine yangekuwa ya kudaiana pesa tu, hapa yaliishia jela, na aliyeishia jela alikuwa wa upande mmoja.

Vita vya Kwanza vya Dunia nitavipita kwa haraka, ingawa havistahili haraka. Maelfu ya vijana wa Kitui na Machakos walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, hasa katika uandikishaji mkubwa wa 1917, wakatembezwa hadi ndani ya Tanganyika na mizigo kichwani. Wengi hawakurudi. Huko hakukuwa na saa wala siku ya kazi. Kulikuwa na amri tu.

Vita vilipokwisha ndipo kikaja kipande. Sheria yake ilikuwa imepitishwa mwaka 1915 lakini ilianza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa awe na karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake, iliyotiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Katika karatasi hiyo mwajiri aliandika siku aliyomchukua mtu, mshahara wake, na siku aliyomwachilia. Bila saini ya kuachiliwa hakuna aliyeruhusiwa kumwajiri, na polisi akimkuta barabarani alimrudisha kwa bwana wake kama mtoro. Mwaka 1920 serikali ikaongeza lingine: mwanamume aweze kulazimishwa kufanya kazi za umma hadi siku 60 kwa mwaka, ila kama ameajiriwa miezi 3 katika mwaka uliotangulia. Aliyetaka kukwepa kazi ya lazima ya serikali alikimbilia shamba la mzungu.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana jambo linalofuata ndilo lililoacha alama ndefu kuliko yote. Kibarua wa mashambani hakuhesabiwa kwa saa, wala hata kwa mwezi wa kalenda. Alipewa tikiti ya siku 30 za kazi. Jioni mnyapara alitia alama kwenye tikiti kwa siku moja. Lakini siku hiyo ilihesabiwa siku pale tu kazi iliyopangwa ilipokwisha. Katika mashamba ya mkonge, yaliyoenea kutoka Thika hadi Voi yakipitia Kibwezi, mkataji alipewa idadi ya vifungu vya majani. Majani ya mkonge yana mwiba nchani, utomvu wake huwasha ngozi, na joto la Kibwezi saa sita mchana halina kivuli cha kukimbilia. Mwenye nguvu angeweza kumaliza mapema akaenda zake. Mgonjwa, mzee au mgeni wa kazi angeendelea hadi jua litue, na kama vifungu vilipungua, mnyapara hakutia alama. Mtu alikuwa amefanya kazi mchana kutwa, lakini kwenye karatasi siku hiyo haikuwapo. Hivyo mwezi wa siku 30 uliweza kuvutwa hadi majuma sita au zaidi kwa mshahara uleule.

Katika mpango huo sheria haikuwa na urefu wa siku wa kuuwekea mpaka. Haikuuliza saa ngapi. Iliuliza kama alama ipo, na kalamu ya kuitia alama hiyo ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja.

Wakamba walikuwa na ngao moja dhidi ya mpango huo, nayo ilikuwa ng'ombe. Maofisa wa kikoloni walilalamika kwa miaka kwamba Wakamba, wa Kitui hasa, hawaji mashambani kama walivyotakiwa, na wakija huchagua upolisi au jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles). Mwenye mifugo aliweza kuuza dume moja akalipa kodi, asiende kukata mkonge. Uwezo wa kukataa kazi mbaya ni kikomo cha saa za kazi hata pasipo sheria inayokitaja. Ndiyo maana nayaona matukio ya 1938 kuwa sehemu ya historia hii, ingawa vitabu huyaweka kwenye sura ya kilimo na mmomonyoko wa udongo. Serikali ilianza kuwanyang'anya Wakamba wa Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni yote, ng'ombe iliosema wamezidi malisho, na kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kilikuwa kinawangoja. Muindi Mbingu na Ukamba Members Association wakaongoza watu, wanaume kwa wanawake, kwenda kwa miguu hadi Nairobi kutaka kumwona gavana ana kwa ana. Walipiga kambi huko kwa majuma. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ulisitishwa na ng'ombe wengi wakarudi kwa wenyewe.

Wakati Machakos inapigania ng'ombe, Nairobi ilikuwa imeshaanza kupigania saa. Makhan Singh alifika Kenya kutoka Punjab mwaka 1927, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake, na mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi alichokigeuza kuwa Labour Trade Union of Kenya, kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote. Hilo peke yake lilikuwa geni katika mji ambao hata vyoo viligawanywa kwa rangi. Mwaka 1936 chama kilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba siku ya kazi iwe ya saa 8. Waajiri hawakuombwa wafikirie. Waliarifiwa. Mwaka uliofuata mafundi wa Nairobi waligoma kwa siku 62, na mwisho wake wakapata nyongeza ya mshahara ya kati ya asilimia 15 na 22, siku ya saa 8, na kurudishwa kazini kwa wote waliogoma.

Wengi wa waliogoma walikuwa maseremala, waashi na mafundi wa Kihindi, na ushindi wao haukufika Kibwezi. Hata hivyo, naona hapo ndipo saa ilipoingia katika siasa za kazi Kenya ikiwa kitu ambacho mfanyakazi naye anaweza kukihesabu. Serikali ililielewa hilo. Mei 1950, baada ya Makhan Singh kutamka hadharani katika ukumbi wa Kaloleni kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili, yeye na kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, Fred Kubai, walikamatwa, Nairobi ikagoma siku 9, na Singh akawekwa kizuizini hadi Oktoba 1961. Alikaa Lokitaung, Maralal na Dol Dol miaka 11 na zaidi. Wafanyakazi wengi wanaodai leo saa zao za ziada hawajawahi kulisikia jina lake, na hilo linanisikitisha.

Mwaka 1947 mambo mawili yalitokea. Januari, Mombasa nzima iligoma, bandari, reli, hoteli na nyumba za watu, na miongoni mwa waliogoma walikuwamo Wakamba waliokwenda pwani kutafuta riziki. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote, na kikopo cha shingoni kikaanza kuondoka. Mwaka 1951 ikatungwa sheria ya kusimamia mishahara na masharti ya kazi, iliyoruhusu serikali kutoa amri kwa kila aina ya kazi: mshahara wa chini, likizo, na saa. Sheria hiyo ya mkoloni ndiyo iliyozaa amri zinazotawala zamu hadi leo.

Tom Mboya alikuwa na sababu ya kuzijua taabu hizi bila kusomewa. Alizaliwa Kilimambogo, kwenye shamba la mkonge ambako baba yake alifanya kazi hadi akawa msimamizi, akasoma Kabaa katika Machakos, na alizungumza Kikamba. Akiwa Waziri wa Kazi, Oktoba 1962, alisimamia kutiwa saini kwa Mkataba wa Mahusiano Kazini kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Mahakama ya Viwanda ikaanzishwa mwaka 1964, na COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, mwaka 1965. Vyombo vilikuwa vimejengwa. Lakini vilijengwa kwa ajili ya watu wenye chama, wenye kiwanda, wenye lango ambalo mratibu wa chama anaweza kusimama mbele yake. Mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi Mwingi, peke yake usiku kucha, hakuwa akilini mwa mtu.

Amri ya jumla ya mishahara ya 1982 ndiyo inayomgusa mlinzi huyo, na kwenye jedwali lake bawabu wa mchana na bawabu wa usiku wametajwa. Nitaieleza polepole, kwa sababu wengi hutaja sheria ya kazi bila kuifikia amri hii. Wiki ya kawaida ya kazi ni saa zisizozidi 52, zilizogawanywa katika siku 6. Kwa anayefanya kazi usiku ni saa 60. Ikizidi hapo, kila saa inalipwa kwa kiwango cha mara moja na nusu siku za kawaida, na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu. Saa moja hupatikana kwa kugawanya mshahara wa mwezi kwa 225. Na kuna dari: kazi ya kawaida ukijumlisha na ya ziada isizidi saa 116 katika wiki 2 mfululizo, au saa 144 kwa mfanyakazi wa usiku.

Sasa tuzipime zamu zenyewe. Katika Kitui mjini, Wote, Emali au Mutomo, lindo hubadilishwa saa kumi na mbili: kumi na mbili asubuhi, kumi na mbili jioni. Hizo ni saa 12. Kwa siku 6 zinakuwa 72 kwa wiki, 144 kwa wiki 2. Mlinzi wa usiku amegusa dari kabisa, haijabaki hata dakika moja, na kila wiki anadai saa 12 za ziada. Mlinzi wa mchana amevuka dari kwa saa 28 katika kila wiki 2; huyo hata akilipwa, zamu yenyewe iko nje ya sheria. Chukua mshahara wa shilingi 18,000 kwa hesabu nyepesi. Saa moja ni shilingi 80, saa ya ziada ni 120. Mlinzi wa usiku anadai shilingi 1,440 kila wiki juu ya mshahara wake. Kwa mwaka hizo ni karo ya mtoto wa sekondari na zaidi. Na hapo sijahesabu usiku ambao wa kumpokea hakutokea, simu ya msimamizi haishikwi, na mtu aliyeingia jana jioni anaambiwa aendelee hadi jioni nyingine kwa sababu lango haliwezi kuachwa wazi.

Kwa walinzi wa kampuni kuna amri yao pekee, ya 1998, nayo imeweka saa 52 katika siku 6. Zamu ya saa 12 imekuwa desturi kwao pia. Januari 2024 mamlaka ya kusimamia ulinzi wa binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ilipotangaza mshahara wa shilingi 30,000 kwa walinzi wa Nairobi, zaidi ya shilingi 8,000 ndani ya kiasi hicho zilikuwa malipo ya saa za ziada. Waajiri walipinga. Wengi walibishana juu ya hizo 30,000. Kwangu jambo kubwa lilikuwa zile 8,000, maana mamlaka ya umma ilikuwa imekiri kwa tarakimu kwamba zamu ya mlinzi ni ndefu kuliko siku ya kawaida ya kazi na kwamba urefu huo una bei.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini haya hayajulikani. Sehemu ya jibu iko kwenye Sheria ya Ajira ya 2007 yenyewe, ile inayobandikwa ukutani na kutajwa redioni. Ilianza kutumika Juni 2008, na ni sheria nzuri kwa mengi: likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, miezi 3 ya uzazi kwa mama, siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Lakini kifungu chake cha 27, kinachohusu saa za kazi, hakina tarakimu ya saa hata moja. Kinamwambia mwajiri apange saa kwa kufuata sheria hiyo na sheria nyingine zilizoandikwa. Tarakimu zimebaki kwenye amri za zamani ambazo msichana aliyetoka Kyuso kwenda kufanya kazi za nyumbani Nairobi hawezi kuzipata wala kuambiwa zipo. Katiba ya 2010 ikaja na Ibara ya 41, inayompa kila mfanyakazi haki ya masharti ya kazi yaliyo ya kiasi. Hapo napo hakuna tarakimu. Naamini Bunge lilipaswa kuiandika ile 52 ndani ya sheria kuu, mahali ambapo hata mwajiri asiyependa kusoma angekutana nayo.

Ukitaka kuona sheria ya Kenya ikitaja saa bila kuzungukazunguka, nenda kwenye Sheria ya Trafiki. Marekebisho ya 2012 yaliweka kwamba dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 kwa jumla katika kila saa 24, na kosa ni la dereva na pia la aliyemwagiza au kumruhusu. Makueni inaihitaji sheria hiyo kuliko kaunti nyingi. Barabara ya Mombasa inaipasua toka Salama na Sultan Hamud hadi Mtito Andei, na Mtito Andei iko karibu katikati ya safari ya kilomita 480 kati ya Nairobi na Mombasa. Hesabu ni rahisi: lori lililojaa, kwenye milima ya Salama, foleni ya mizani, matengenezo ya barabara, haliimalizi safari hiyo ndani ya saa 8. Kwa hiyo dereva anayetii sheria ni lazima alale njiani au apokewe usukani. Anayelipwa kwa safari moja moja hana anayemlipa kulala. Anatafuna miraa, taniboi anamsemesha ili macho yasifungike, na alfajiri ndio wakati ambao wakazi wa kando ya barabara hiyo wanaogopa kusikia kishindo.

Reli mpya, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 ikiwa na vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei, ilichukua sehemu ya makontena kutoka barabarani. Madereva wengi walipoteza kazi, na mama waliopikia madereva mabandani wakapoteza wateja. Waliobaki barabarani walibaki na ushindani mkali zaidi, na safari nyingi zaidi za kukimbizana nazo. Nadhani serikali ilikosea kuliweka jambo hilo kama ugomvi wa reli na malori tu, bila kuuliza dereva aliyebaki sasa analala saa ngapi.

Nirudi kwenye kalamu. Mlinzi wa leo huandika saa zake kila siku kwa mkono wake mwenyewe. Langoni kuna daftari la matukio, watu huliita OB, na ndani yake mistari inafanana ukurasa baada ya ukurasa: saa 1800 nimepokea lindo kutoka kwa fulani, funguo zote zipo, hali shwari. Saa 0600 nimekabidhi. Hakuna ushahidi bora wa zamu ya saa 12 kuliko daftari hilo. Likijaa, msimamizi analichukua na kumpa jipya.

Mahakamani mambo huamuliwa na daftari kama hilo. Sheria ya 2007 inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za kazi na azitoe zikihitajika. Lakini mwaka 2016 Jaji James Rika, akiwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi Mombasa, alieleza msimamo uliofuatwa katika mashauri mengi tangu hapo: mwajiri kushindwa kuleta kumbukumbu hakutoshi kuyathibitisha madai ya saa za ziada, ni mfanyakazi anayepaswa kuonyesha alifanya kazi saa zipi kupita kiwango cha sheria. Naelewa hofu ya jaji, kwamba mtu asije akadai miaka 10 ya saa za ziada kwa kukisia. Hata hivyo, naona mzigo umeelemea mahali pasipofaa. Anayedaiwa ndiye mwenye kabati lenye madaftari, na anayedai alikabidhi lake pamoja na sare siku ya mwisho. Anaweza kuomba mwajiri aamriwe kuyaleta, na akiwa na simu anaweza kupiga picha ukurasa wake kila anapokabidhi lindo. Wanasheria wanaosimamia kesi hizi wangewasaidia walinzi wengi kwa kuwaambia hivyo mapema, wakati bado wako kazini.

Kilichorahisika ni umbali. Juni 2018 Jaji Mkuu alichapisha kwenye gazeti rasmi la serikali ruhusa kwa mahakimu wa ngazi ya juu kusikiliza mashauri ya kazi ya watu ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Karibu kila mlinzi, dereva, mpishi na mfanyakazi wa nyumbani yuko chini ya kiwango hicho. Hapo awali alikuwa akitazama Nairobi au Mombasa, nauli, kulala, na kurudi tena kesi ikiahirishwa. Sasa anaweza kuanzia mahakama za Kitui, Mwingi, Makueni au Makindu. Anachoulizwa kwanza ni aliingia saa ngapi, akatoka saa ngapi, kwa siku zipi, na ana nini cha kuonyesha. Anaulizwa pia ni lini. Madai ya kazi yana miaka 3. Aliyeacha lindo mwaka 2020 akafika kwa karani wa mahakama mwaka 2024 hatasikilizwa, hata awe na picha ya kila ukurasa.